Je, unene huua mgonjwa wa virusi? Uchunguze ushahidi kwanza

IKIWA wewe ni mnene, huenda uliambiwa wakati wa janga la korona kwamba ugonjwa huo ukikushika hutapona. Pengine uliambiwa na jirani, pengine na daktari. Je, habari hiyo ilitoka wapi, na ina ukweli kiasi gani?

Mnamo Machi 2021, Shirikisho la Dunia la Unene lilitoa ripoti iliyotisha wengi. Lilisema kwamba kati ya vifo milioni 2.5 vya korona vilivyokuwa vimeripotiwa duniani, milioni 2.2 vilitokea katika nchi ambazo zaidi ya nusu ya watu wazima wamezidi uzito unaofaa. Kiwango cha vifo katika nchi hizo kilikuwa mara kumi zaidi ya kwingineko.

Lakini hebu soma tena. Waliolinganishwa hapo ni nchi, si watu. Hesabu ya aina hiyo haikuelezi kama marehemu alikuwa mnene au mwembamba. Nchi nyingi zenye wanene wengi ndizo pia zenye wazee wengi, na korona iliua wazee kuliko mtu mwingine yeyote. Uingereza, karibu nusu ya watu wamepita umri wa miaka 40. Hapa Kenya nusu yetu hawajafika hata miaka 22. Isitoshe, huko vifo huandikishwa karibu vyote, ilhali kwetu wengi hufia nyumbani na kuzikwa bila daktari kuandika kilichowaua. Mara kumi hiyo, kwa maoni yangu, haikufaa kumtisha mtu yeyote.

Ushahidi wa hospitalini nao una kasoro zake. Homa ya nguruwe ilipozuka mwaka wa 2009, wataalamu wa jimbo la California, Marekani, walichunguza watu 1,088 waliolazwa au kufa. Uzito na kimo vilijulikana kwa watu wazima 268 pekee, na kati ya hao 156 walikuwa wanene kupindukia. Ilikuwa ishara muhimu. Lakini wale wengine ambao hawakupimwa je? Huenda muuguzi hukumbuka mizani haraka zaidi anapoletewa mgonjwa mnene.

Utafiti ulio bora zaidi ni ule uliofanywa Uingereza mwaka wa 2020, uliofuatilia rekodi za watu wazima zaidi ya milioni 17, wawe walilazwa au la. Kati yao 10,926 walikufa kutokana na korona. Watafiti walizingatia umri, uvutaji sigara, kisukari na magonjwa mengine, kisha wakagawanya wanene katika makundi kulingana na kipimo cha uzito kwa kimo.

Chukua mfano wa mama mwenye kimo cha mita 1.60. Akifikisha kilo 77, kipimo chake ni 30, naye huitwa mnene kupindukia. Hatari ya kufa katika kundi hilo la kwanza ilizidi ya wasio wanene kwa asilimia 5 tu. Akifika kilo 90, anaingia kundi ambalo hatari iliongezeka kwa asilimia 40. Akipita kilo 102, kipimo ni 40, na hapo hatari ilikaribia kuwa maradufu. Basi mama wa kilo 78 hana sababu ya kukosa usingizi. Wa kilo 105 asikawie kumwona daktari akianza kukohoa na kuhema, na chanjo asiikose.

Hata hivyo, rekodi haziwezi kuthibitisha kwamba ni mafuta yenyewe yaliyoua. Ili kujua hilo inafaa kuwapunguza watu uzito kwa kura, nusu wapewe dawa na nusu wasipewe. Jambo linalokaribia hilo lilitokea bila kukusudiwa. Dawa ya semaglutide ilikuwa ikijaribiwa kwa watu 17,604 wazito wenye ugonjwa wa moyo au mishipa ya damu wakati korona ilipoingia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2024 yalionyesha kwamba korona iliua 43 kati ya waliopewa dawa, na 65 kati ya waliopewa sindano isiyo na dawa. Ila wote walikuwa wagonjwa tayari, na dawa hiyo hufanya mengi mwilini zaidi ya kupunguza kilo.