Debe Tupu Haliachi Kuvuma

Wahenga hawakuiona kompyuta, lakini methali hii inaifaa mashine kuu ya shule yetu. Nipeni nafasi niwaeleze nilivyojifunza hayo kwa aibu.

Katika Linux, kiini cha mfumo huandika matukio katika kumbukumbu. Kila ujumbe hupewa ngazi, kutoka 0 hadi 7. Ngazi ya 0 ni dharura, yaani mashine haitumiki tena. Ya 1 yataka hatua mara moja, ya 2 ni hali mahututi, ya 3 ni kosa, ya 4 ni onyo, ya 5 ni jambo la kawaida lakini la kuangaliwa, ya 6 ni taarifa tu. Ya 7 ni maelezo madogo madogo ya fundi anayetafuta hitilafu.

Sisi wa Kitui na Makueni hatuwezi kushangaa. Mamlaka ya kudhibiti ukame, NDMA, hutueleza kila mwezi kama kaunti iko katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Je, kama ingetangaza dharura kila wingu likipita bila mvua, nani angesikia tena na kuuza mbuzi wake mapema?

Basi muhula uliopita, katika kujifunza, niliiagiza mashine kuu irekodi kila pakiti inayoingia kutoka chumba cha kompyuta. Sikutaja ngazi, kwa hivyo Linux ikazipa zote ngazi ya 4, onyo. Nikaenda zangu; si mnajua sisi wa kutwa tunakimbizana na giza! Kesho yake intaneti ikapotea, na alama za watahiniwa zilitakiwa zitumwe siku hiyo hiyo. Mwalimu alipofungua kumbukumbu ya kiini alikuta maelfu ya maonyo yangu. Kumbukumbu hiyo ina kipimo. Ikijaa, mapya hufuta ya zamani. Ujumbe mmoja wa maana, kwamba waya wa kwenda nje umekatika, ulikuwa umefutwa. Mwalimu akapanda bodaboda hadi Wote kutafuta saiba. Jioni tuliukuta waya umechomoka kidogo nyuma ya mashine. Kuusukuma tu!

Mtandao una ugumu wake: pakiti hutoka kwa watu usiowajua. Pakiti mbovu ya mgeni si kosa la mashine yako. Ukiiandika kama kosa, mtu mbaya atakutumia mbovu mfululizo mpaka kumbukumbu ifurike. Ndiyo maana watunzi wa Linux waliweka kizuizi katika sehemu ya mtandao: jumbe za namna hiyo, kwa kawaida, hazizidi 10 katika sekunde 5.

Kwa hivyo kabla ya kuchagua ngazi, jiulize: atakayeusoma ujumbe huu afanye nini? Kama ni kukimbia, mpe 0 hadi 2. Kama kazi imeshindikana, 3. Kama kazi inaendelea lakini kuna dalili mbaya, 4. Kama ni habari tu, 6. Na kama ni wewe peke yako unayeihitaji, 7, tena uizime ukimaliza.

Mwalimu nimemwomba radhi. Nauli ya bodaboda nitailipa, nikipata!