Maporomoko ya theluji: Dakika 15 zinazoamua nani atapona

Februari 23, 1999, theluji iliporomoka kutoka mlimani na kukifukia sehemu kijiji cha Galtür, Austria. Watu 31 walikufa.

Lakini siku hizi wengi wanaokufa kwa theluji hawafuatwi nyumbani. Wanaifuata wenyewe mlimani: wacheza ski, wapanda milima, waendesha pikipiki za theluji. Na katika ajali karibu 9 kati ya 10, anayeianzisha ni mhanga mwenyewe au mwenzake.

Si kwa kelele, kama filamu zinavyotudanganya. Ni uzito tu. Theluji hujipanga tabaka juu ya tabaka. La chini likiwa dhaifu, la juu linakaa kama kigae juu ya chumvi. Mtu akikanyaga, chini panavunjika na kigae kizima kinaondoka naye, wakati mwingine kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Mbio hazisaidii hapo. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo hatari zaidi, na bahati mbaya ndiyo wacheza ski wanayoipenda.

Ikisimama, inashika kama saruji. Aliyefukiwa hawezi hata kuinua mkono, na hewa yake inaisha haraka. Akitolewa ndani ya dakika 15 hivi, uwezekano wa kupona ni karibu asilimia 90. Zikifika 35, unashuka hadi kama theluthi moja. Helikopta mara nyingi haiwahi, kwa hiyo mwokozi ni yule mliyepanda naye.

Ndiyo maana kila mmoja hubeba vitu vitatu: kifaa cha kutuma na kunasa mawimbi ya redio, kinachovaliwa mwilini, fimbo ndefu ya kukunjwa ya kuchomea theluji, na beleshi. Ukikosa beleshi, utajua mwenzako alipo na utashindwa kumtoa.

Ukialikwa mlimani Ulaya au Canada, soma kwanza taarifa ya hatari ya siku hiyo, yenye viwango 1 hadi 5. Usidharau kiwango cha 3. Hapo hufa wengi, maana wanakiona cha wastani. Mpite mteremko mmoja mmoja. Theluji ikizolewa nawe, jitahidi kubaki juu, na kabla haijasimama weka mikono mbele ya uso upate nafasi ya kupumua.

Na ukisikia mlio mzito chini ya miguu, au ukaona nyufa zinakimbia mbele yako, rudi ulikotoka.