Bunduki ya kwanza ya ndege ni kama daluga: Ikikubana, mchezo umeisha

VINCENT Hancock wa Marekani ana medali nne za dhahabu za Olimpiki katika skiti: Beijing 2008, London 2012, Tokyo 2020 na Paris 2024. Skiti ni mchezo wa kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Ukimtazama, kila kitu kinakwenda chap: sahani inatoka, bunduki inapanda begani, mlio, vumbi. Imekwisha.

Mchezo huo ulianzishwa na wawindaji wa ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Charles Davies wa Andover, jimbo la Massachusetts, alikuwa akiwinda grausi, ndege wa vichakani, na alitaka mazoezi wakati msimu umefungwa. Akachora duara kama uso wa saa, watu wakawa wanazunguka na kupiga kutoka kila namba. Baadaye jirani akaanzisha mradi wa kuku, ikabidi duara likatwe nusu ili marisau yasiangukie huko. Nusu duara hiyo ndiyo iliyoingia Olimpiki mwaka 1968 kule Mexico.

Uwindaji wenyewe bado upo. Jimbo la South Dakota ndiyo makao makuu ya fezanti, ndege wa ukoo wa kuku aliyeletwa kutoka Asia, dume lake lina mkia mrefu na shingo ya kung'aa. Msimu wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1919. Hadi leo, kila Oktoba watu wanajipanga mstari kwenye mashamba ya mahindi, mbwa mbele, wanatembea. Na kila mwaka kuna wageni wenye swali moja: ninunue bunduki gani?

Wengi wanaanza na jina la kampuni. Hapo ndipo wanapopotea. Ni sawa na kinda wa mtaani anayenunua daluga za straika anayemhusudu, namba 43, wakati mguu wake ni 41. Atapendeza kwenye picha, lakini dakika ya 20 anachechemea.

JICHO LAKO NDIYO SHABAHA

Bunduki tunayoizungumzia ni ya marisau, yaani shotigani, ndugu wa ile unayoiona kwa mlinzi wa benki. Haitoi risasi moja, inatoa punje nyingi kwa pamoja. Gramu 28 za marisau namba 6 ni zaidi ya punje 200.

Tofauti na raifo, shotigani ya ndege haina shabaha ya nyuma. Jicho lako ndiyo shabaha ya nyuma. Shavu likikaa juu sana kwenye kitako, marisau yanapita juu ya ndege. Kitako kikiwa kirefu, kinanasa kwenye koti wakati unainua. Kikiwa kifupi, kidole gumba kinakupiga puani.

Kipimo cha dukani ni rahisi. Muuzaji akishahakikisha bunduki ni tupu, simama ukiangalia upande salama, funga macho, iweke begani kama umezoea, kisha fumbua. Ukijikuta unatazama moja kwa moja juu ya mtutu, bila kuinua wala kusogeza kichwa, inakufaa. Ukilazimika kutafuta, rudisha.

Kabla ya hapo, jua jicho lako kuu ni lipi. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali, kisha funga jicho moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi kitu hakihami, ndilo kuu. Kuna watu wa mkono wa kulia wenye jicho kuu la kushoto. Hao wakikosa ndege kila siku, wanailaumu bunduki bure.

GEJI NI KAMA BATI

Aliyewahi kuezeka nyumba ataelewa haraka. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Kwenye shotigani pia namba ikipanda, mtutu unapungua. Geji 12 maana yake ni kwamba goroli 12 za risasi zenye upana wa mtutu huo zina uzito wa ratili moja. Geji 20 zinahitajika goroli 20, kwa hiyo ni ndogo zaidi.

Geji 12 ina faida yake: marisau mengi, risasi zinapatikana kila duka. Lakini mwindaji wa ndege wa nyikani anatembea siku nzima na kupiga kwa sekunde chache. Nyingi za geji 12 zina zaidi ya kilo 3, wakati geji 20 nyingi zinacheza chini kidogo ya hapo. Saa nane mchana, tofauti hiyo unaihisi mabegani. Na mkono uliochoka unachelewa.

Tahadhari: bunduki nyepesi mno yenye risasi nzito inapiga teke. Anayeanza akipigwa teke mara kumi, ya kumi na moja anafumba macho kabla ya kufyatua. Tabia hiyo ikikukaa, kuitoa ni kazi. Geji 20 yenye risasi za kawaida inatosha kwa kware na hata fezanti wa karibu.

PAMPU, MITUTU MIWILI AU INAYOJIPAKIA?

Pampu ndiyo ya bei nafuu na ni ngumu kuharibika. Remington 870 ipo sokoni tangu miaka ya 1950. Inayojipakia yenyewe, hasa ile inayotumia gesi, inapunguza teke. Ya mitutu miwili, iwe ubavu kwa ubavu au juu na chini, kwa kawaida ni ghali zaidi, lakini ina jambo moja kubwa kwa anayejifunza: ukiikunja, kila mtu aliye karibu anaona kama ina risasi au haina.

Mdomo wa mtutu nao una kipimo cha kubana, kinaitwa choki. Ukibana sana, marisau yanatoka yameshikana, na ndege wa karibu anachanika au unamkosa kabisa. Ndege wengi wa nyikani hupigwa ndani ya meta 35, hivyo choki ya wazi au ya kati inatosha.

Kuna kosa la kuua. Risasi ya geji 20 ikitumbukia kwenye bunduki ya geji 12, inateleza na kukwama ndani ya mtutu. Mtu akidhani chemba ni tupu akaweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unaweza kupasuka mikononi. Ndiyo maana Marekani risasi za geji 20 kwa kawaida ni za njano. Usichanganye mfukoni.

KILICHOMTOKEA CHENEY

Februari 11, 2006, Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alikuwa akiwinda kware huko Texas. Aligeuka kumfuata ndege, akampiga mwenzake wa mawindo, mwanasheria Harry Whittington, miaka 78, usoni, shingoni na kifuani. Bunduki ilikuwa geji 28, ndogo hata kuliko 20. Punje moja ilifika karibu na moyo, Whittington akapata mshtuko mdogo wa moyo. Alipona.

Hapo ndipo kipimo kinapokuwa suala la uhai. South Dakota ni marufuku kupiga fezanti jike, kwa hiyo kabla ya kufyatua unatakiwa ujue ni dume, ujue mbwa yuko wapi, na nani yuko nyuma ya ndege. Yote kwa muda wa kupumua mara moja. Mtu anayepambana na kitako hana macho ya kazi hiyo. Bunduki inayokukaa inapanda yenyewe, macho yanabaki huru kuangalia.

Hapa kwetu, kumiliki bunduki kunataka leseni na kuwinda ndege wa porini kunataka kibali. Ukishavipata, gawa bajeti: bunduki ya kawaida inayokukaa, na pesa inayobaki iende kwenye risasi za mazoezi na mwalimu. Na siku ukiwa na shaka kuhusu kilicho nyuma ya ndege, mwache aruke.