Jerry Lawler: Mwanamieleka aliyeigeuza Jumatatu kuwa siku ya gulio

MCHUUZI anayezunguka minadani anaijua ratiba ya namna hii: Jumatatu mji mmoja, Jumanne mwingine, Jumatano wa tatu, na usipotokea siku yako wateja wanahamia kwa mwenzako. Hivyo ndivyo alivyoishi kwa miaka mingi Jerry Lawler, mwanamieleka wa kulipwa wa mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani.

Jumatatu usiku alipigana Memphis, katika ukumbi wa Mid-South Coliseum uliokuwa na uwezo wa kuingiza watu zaidi ya 10,000. Jumanne alikuwa Louisville, jimbo la Kentucky. Jumatano, Evansville, jimbo la Indiana. Siku zilizobaki zilikuwa za miji midogo na kumbi za shule, na safari zote zilikuwa za gari, usiku kwa usiku.

Lawler alizaliwa Memphis mwaka 1949. Alikuwa na kipaji cha kuchora, na michoro yake ya wanamieleka ilimfikia mtangazaji wa mieleka wa huko, Lance Russell, ambaye aliionyesha kwenye televisheni. Baadaye akawa mtangazaji wa redio, na hapo ndipo alipofanya biashara yake ya kwanza ya maana. Promota mmoja mdogo alitaka matangazo lakini hakutaka kuyalipia. Lawler alitaka kufundishwa mieleka lakini hakuwa na ada. Wakabadilishana. Mwaka 1970 akaanza kupanda ulingoni.

Mwaka 1974 alimshinda Jackie Fargo, mkongwe aliyemlea katika kazi hiyo, na tangu hapo akajulikana kama Mfalme. Alianza kuvaa taji na joho. Ifahamike kwamba katika mieleka ya aina hii mshindi hupangwa kabla ya pambano. Maumivu ya mgongo na magoti hayapangwi, wala idadi ya watu watakaokata tiketi. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoamua nani aitwe mfalme na nani arudishwe kwao.

Soko lililogawanywa

Tangu mwaka 1948 mapromota wengi wa Marekani walikuwa na umoja wao, NWA, ambao uliigawa nchi katika maeneo. Kila promota alikuwa na miji yake, na hakutakiwa kuingia kwa jirani. Televisheni za wakati huo nazo zilirusha matangazo yao katika mji na vitongoji vyake tu, kwa hiyo mipaka ilijilinda.

Memphis ilikuwa chini ya Nick Gulas, aliyekaa Nashville, hadi mwaka 1977 ambapo Jerry Jarrett alijitenga naye na kuanzisha kampuni yake. Lawler aliamua kumfuata Jarrett. Ulikuwa uamuzi wa hatari, kwa kuwa Gulas ndiye aliyekuwa na jina. Hata hivyo, miaka michache baadaye Gulas alifunga, Jarrett akaichukua Nashville pia, na Lawler akawa mbia katika kampuni.

Chombo chao kikubwa kilikuwa kipindi cha Jumamosi asubuhi katika stesheni ya WMC, dakika 90 moja kwa moja kutoka studio. Mtazamaji hakulipa hata senti. Lakini kipindi hakikumaliza ugomvi wowote: mtu alipigwa kiti kichwani, mwingine akatukanwa, na muda ukaisha. Aliyetaka kujua mwisho wake ilimbidi alipe kiingilio Jumatatu. Kwa maneno mengine, televisheni ilikuwa mpiga debe, na mzigo wenyewe ulikuwa ukumbini. Humo humo wanamieleka waliuza picha zao kwa mashabiki, na kwa wengi wao fedha hiyo ilikuwa msaada mkubwa, kwani malipo ya Memphis yalijulikana kuwa madogo. Hawakuwa na mshahara. Walilipwa kulingana na mapato ya mlangoni, na asiyepanda ulingoni hakulipwa.

Januari 1980 Lawler alivunjika mguu akicheza mpira na rafiki zake, akakaa nje kwa muda mrefu wa mwaka huo. Biashara ya Jumatatu iliyumba mara moja. Kampuni iliyotegemea jina la mtu mmoja ilikuwa imejifunga kwa mtu huyo, udhaifu unaojulikana pia kwa mkulima mwenye mnunuzi mmoja.

Alirudi, na mwaka 1982 alipata pambano lililompa sifa nchi nzima. Mchekeshaji wa televisheni, Andy Kaufman, alikuwa akipigana mieleka na wanawake na kuwakejeli watu wa kusini kuwa hawajui kutumia sabuni. Aprili 5 mwaka huo Lawler alimwangusha kwa kichwa ukumbini Memphis, na Kaufman akaonekana amevaa kola ya shingo. Julai alimzaba kofi katika kipindi cha David Letterman. Wamarekani waliamini wawili hao wanachukiana kweli. Walikuwa wamepanga yote, na siri hiyo ilitunzwa kwa miaka hata baada ya Kaufman kufariki mwaka 1984.

Mkubwa anaingia

Wakati huo huo mambo yalikuwa yakibadilika kaskazini. Vince McMahon alinunua kampuni ya baba yake mwaka 1982 na hakuiheshimu tena mipaka. Kwa msaada wa televisheni za kebo, mieleka yake iliingia katika kila nyumba, na wapiganaji bora wa mikoa wakaitwa huko mmoja mmoja. Randy Savage, ambaye familia yake iliwahi kuendesha kampuni pinzani huko Kentucky kabla ya yeye kuhamia Memphis, aliondoka mwaka 1985. Maeneo mengi yalikufa.

Memphis ilidumu kuliko nyingi. Mei 9, 1988 Lawler alimshinda Curt Hennig na kutwaa mkanda wa dunia wa AWA, kampuni ya Minneapolis, lakini Januari 1989 alivuliwa mkanda huo katikati ya mgogoro wa malipo. Desemba 1992 alikubali kufanya kazi kwa McMahon kama mtangazaji na mpiganaji, bila kuacha kupigana nyumbani. Pengine huo ndio uamuzi uliomwokoa. Kampuni ya Memphis, iliyokuwa ikiitwa USWA, ilifungwa mwaka 1997. Yeye alikuwa na kazi.

Mwaka 1999 aligombea umeya wa Memphis akashika nafasi ya tatu. Mwaka 2007 aliingizwa katika orodha ya heshima ya WWE. Septemba 10, 2012, akiwa na miaka 62, alipigana jijini Montreal, Kanada, kisha moyo wake ukasimama akiwa kwenye meza ya utangazaji. Waganga waliokuwapo walimrudisha. Alipata kiharusi mwaka 2018 na kingine mwaka 2023, mwaka ambao Jarrett alifariki.

Mid-South Coliseum ulikuwa umefungwa tangu mwaka 2006.