Vitabu Vitano Vilivyoninyima Usingizi Mwaka Huu

Kwetu pwani wazee wetu walikiita kitabu chuo, na pale alipopelekwa mtoto na ubao wake kusoma Kurani pakaitwa chuo vile vile. Mimi nimepita chuoni, nikaanza na alifu kama wenzangu, na hadi leo hata riwaya huisoma kwa mwendo niliofunzwa kule: polepole, kwa sauti ya chini, na kurudia. Kwa mwendo huo, ndugu msomaji, mtu hamalizi vitabu vingi kwa mwaka. Lakini vitano viliniganda, nami naona ni uchoyo kukaa navyo peke yangu.

Cha kwanza ni kumbukumbu za Salma binti Said, bintiye Seyyid Said wa Unguja, alizozichapisha Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, wakati huo akijulikana kwa jina la mumewe, Emily Ruete. Nimezisoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Zama zake binti alifundishwa kusoma Msahafu, kuandika hakufundishwa. Salma akajitafutia mfupa wa bega la ngamia, akanakili herufi za Kurani kwa siri mpaka mkono ukatii. Elimu hiyo ikamponza mapema. Mwaka 1859, Barghash alipofanya njama ya kumpindua nduguye Majid, msichana huyu wa miaka 15 ndiye aliyefanywa katibu wa njama, kwa kuwa alijua kuandika.

Sikubaliani naye kila mahali. Ameutetea utumwa wa nyumbani kwao kwa maneno laini, na mtu wa pwani, ambaye nasaba yake ina mito mingi, hawezi kuzipita kurasa zile bila kujiuliza: wale waliokuwa wakipepea na kuchota maji wangeandika nini, lau nao wangepata mfupa? Swali hilo nilitembea nalo mwaka mzima, na mbele utaona nililipatia jibu wapi.

Cha pili ni Uwongozi wa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ni makala alizoziandika katika gazeti lake la Sahifa, lililoanza Mombasa mwaka 1930 kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Sheikh anawakemea Waislamu wenziwe kwa uzembe wa elimu, kwa israfu, na kwa kuiga Wazungu katika yasiyo na faida huku wakiyaacha yenye faida. Hamungunyi maneno. Nilipokuwa nikisoma nilitazama upande mara mbili tatu, nikidhani anamsema jirani yangu. Kumbe anatusema sote, na wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa.

Cha tatu ni utenzi wa Ahmed Sheikh Nabhany, Sambo ya Kiwandeo. Kiwandeo ni jina la sifa la Lamu, na sambo ni chombo cha baharini. Nabhany, mzaliwa wa Lamu wa mwaka 1927, ametunga ujenzi wa chombo na majina ya sehemu zake, ili yasizame pamoja na mafundi. Mtajie kijana wa leo mkuku, taruma na foromali, uone kama hatakutazama kama mgeni wa lugha. Wengi wanamjua marehemu huyu, aliyetutoka 2017, kwa maneno mapya aliyoyabuni kama runinga. Mimi namshukuru zaidi kwa ya kale aliyoyaokoa. Anayelipa neno jipya jina jema hutufaa. Anayezuia neno la babu lisife ametufaa mara mbili.

Cha nne ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Hiki nilikisoma ujanani, na mwaka huu nimekirudia. Abdilatif alikuwa kijana wa miaka 22 alipoandika karatasi iliyoitwa Kenya: Twendapi? mwaka 1968. Serikali ikaiona uchochezi, akafungwa miaka mitatu kutoka 1969. Gerezani hakupewa karatasi ya kuandikia, naye akatunga juu ya karatasi za chooni, zikatolewa nje kwa siri. Diwani ikachapishwa Nairobi mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi! Ujanani nilipenda ujasiri wa maneno. Safari hii nimependa utulivu wake. Katika utungo wa Mnazi ndugu wawili wanagombania mti mmoja, kila mmoja na hoja yake, na mtunzi hapigi kelele. Anaziacha hoja zipambane mbele yako, na Kimvita chake ni safi kama maji ya kisima cha ndani.

Cha tano ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Kwa Kiingereza ilitoka 1994. Kiswahili chake ni cha Ida Hadjivayanis, kilichochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz anayemwita ami, kumbe amewekwa rehani kwa deni la babake. Aliyehifadhi Sura ya Yusuf ataitambua harufu yake tangu mwanzo. Hapa ndipo nilipopata jibu la lile swali langu, maana kitabu hiki kinaitazama nyumba ya tajiri kwa macho ya mtumishi wa dukani. Nacho kimefika kwake. Watu wale walikuwa wakizungumza Kiswahili tangu awali. Wasomaji wa Kiingereza ndio waliokuwa wakisikia tafsiri.

Sasa tazama, msomaji, vitabu hivi vilipita wapi. Salma, Berlin. Sambo ya Kiwandeo ilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1979. Uwongozi wa Sheikh al-Amin ulitolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 2017, Leiden hiyo hiyo. Siwalaumu Waholanzi, mwenye kukuhifadhia amana hushukuriwa. Lakini kijana wa Langoni akitaka utenzi wa Lamu, autafute Ulaya? Mimi niliingia duka moja la vitabu hapa mjini kuulizia diwani. Muuzaji, kwa adabu zote, akaniuliza, "Ya kidato cha ngapi, mzee?" Kwake kitabu cha Kiswahili ni cha mtihani, na mtihani ukisha, kitabu kimekwisha.

Na majumbani mwetu je? Bado yamo masanduku yenye khati za mababu ambazo wajukuu hawawezi kuzisoma. Wamefundishwa herufi zile zile chuoni, lakini hawakuambiwa kuwa zinaandika Kiswahili pia. Ndipo nikasema:

Kitabu hakina kinywa, lakini kina maneno,
Wenye kiu huja kunywa, wapate na hoja nono,
Sandukuni kikifinywa, mchwa hukitia meno,
Kifunueni wenzangu, kisomeni msingoje.

Ombi langu ni dogo. Baada ya sala ya Isha, familia ichague kitabu kimoja, mmoja asome na wengine wasikilize, kurasa mbili tatu tu. Na aliye na sanduku la mababu amwite mzee anayeijua khati ile, wakae pamoja na kijana mwenye daftari, maadamu mzee yungali hai na macho yake yaona.