Motokaa Kuukuu Inapoogopa Mvua

Huenda unayo motokaa ya zamani, au unaye jirani aliye nayo. Wakati wa kiangazi yatembea vizuri toka Chiola mpaka Nachingwea, wala hainung'uniki kilimani. Lakini mvua zikianza, tabia yake yageuka. Asubuhi haitaki kuwaka. Ikiwaka, yatetemeka na kukohoa, nguvu haina, na katika dimbwi la kwanza yazimika. Jua likitoka yapona yenyewe, kama mtoto aliyejisingizia ugonjwa ili asiende shule.

Basi mwenyewe aenda kwa fundi. Fundi asiyepima abadilisha kabureta, na fedha za korosho zaondoka. Mvua ya pili ikinyesha, ugonjwa ni ule ule.

Jambo hili si dogo. Reli iliyounganisha Nachingwea na bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo mzigo na mgonjwa hutegemea barabara. Na mvua za kusini huanza Novemba au Desemba, zikaendelea mpaka Aprili au Mei. Mama akishikwa na uchungu usiku wa mvua, na gari la karibu lakataa kuwaka, nani atamfikisha hospitali ya Nachingwea au ya Ndanda?

UMEME UNAOTOROKA

Betri hutoa volti 12 tu. Koili huzikuza zikawa 15,000 au zaidi. Distributa huugawa umeme huo kwa zamu, kila plagi ipate fungu lake. Plagi hutoa cheche, na cheche huwasha petroli ndani ya silinda.

Umeme mkali namna hii daima hutafuta njia ya mkato ya kufika kwenye chuma cha injini. Waya zikiwa nzima na kavu, hauna pa kutorokea. Lakini waya kuukuu zina nyufa, nazo hushika vumbi na mafuta. Unyevu ukichanganyika na uchafu huo huwa daraja. Umeme wavuka hapo, na plagi yakosa cheche.

Hata viwanda vikubwa vimefundishwa na mvua. Mwaka 1959 Waingereza walipoanza kuuza kigari kiitwacho Mini, distributa yake ilikaa mbele, nyuma tu ya wavu wa kuingizia hewa. Mvua ikaipiga, na magari yakazimika njiani. Wenye magari wengine waliivika distributa glavu ya mpira, waya zikitokea katika vidole vilivyokatwa ncha! Baadaye kiwanda kikaweka kibati cha kuikinga.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Kwanza, jiulize: yasumbua lini hasa? Kama ni asubuhi baada ya mvua, au baada ya kupita dimbwi, kisha yapona injini ikipata moto, shuku umeme. Kama yasumbua hata siku kavu, kisa ni kingine, usiilaumu mvua.

Pili, ngoja usiku wa giza. Simamisha gari mahali pa wazi, vuta breki ya mkono, gia iwe huru. Washa injini, zima taa, fungua boneti utazame. Ukiona vicheche vya buluu vikirukaruka juu ya waya au kifuniko cha distributa, umemkamata mwizi. Usiguse kitu, maana umeme ule hupiga vibaya; tena kanga na mikono ya shati vikae mbali na feni.

Tatu, usipoona kitu, chukua chupa ya kupulizia yenye maji safi. Puliza ukungu kidogo juu ya waya moja, usikilize. Kisha waya ya pili, kisha kifuniko, kisha koili. Pale injini inapoanza kusita, ndipo penye kosa. Usilowanishe vyote kwa mara moja, maana hutajua ni kipi kilichougua.

Nne, zima injini, fungua kifuniko cha distributa. Kabla ya kuchomoa waya, tia kila moja alama, kwa kuwa zikirudishwa ovyo gari halitawaka sawasawa. Futa ndani kwa kitambaa kikavu. Tazama kama pana ufa, au mstari mwembamba mweusi kama wa penseli. Mstari huo ni njia iliyochomwa na umeme. Kifuniko hicho hakifai tena. Waya zilizokauka na kupasuka zibadilishwe zote pamoja.

ISIPOKUWA UMEME

Yako magari yasiyopona hata injini ikipata moto. Hapo shuku maji katika petroli, hasa ile inayouzwa katika madumu yaliyoachwa wazi. Toa kidogo kutoka katika kikombe cha kichujio, mbali na moto wowote, utie katika chupa nyeupe, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na utayaona. Angalia pia kama kichujio cha hewa kimelowa.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Ikisumbua mvuani, anza na maji katika mafuta. Na magari mengi ya siku hizi hayana distributa, bali kila plagi ina koili yake. Hata hivyo mpira wa koili hupasuka, na maji yakiingia shimoni mwa plagi, ugonjwa ni ule ule.

Sasa, msomaji, usingoje mawingu. Oktoba, jua lingali kali, futa waya, kagua kifuniko, funga boneti vizuri. Ukienda kwa fundi, mwambie ulichokiona, na umwombe akuonyeshe kosa kabla hajakutuma dukani. Fundi mwaminifu hatachukizwa na ombi hilo. Fedha utakayookoa ni ada ya mtoto, na gari litakalowaka usiku wa mvua huenda likawa uhai wa jirani yako.

Neno la mwisho: gari lililopona halikupi ruhusa ya kuvuka mto uliofurika. Hapo zima injini, ngoja maji yapungue.