Madirisha mawili, nyumba moja

Juma hili naanza kwa kuomba radhi hadharani. Nilimfokea binti wa watu bila kosa, na naona njia nzuri ya kulilipa deni hilo ni kuwaeleza ninyi kilichotokea, ili yasije yakawafika.

Wapwa zangu wawili, mtu na mdogo wake, walikuwa wakiomba nafasi katika chuo kimoja. Siku hizi maombi ya namna hii aghalabu hayapelekwi kwa bahasha. Hujazwa katika intaneti. Nikawapeleka kwenye duka la huduma za kompyuta, zikiwa zimebaki siku mbili tu kabla ya muda wa maombi kwisha. Binti wa dukani akaanza na yule mkubwa. Kurasa zilikuwa zikija kwa kusuasua, basi akaniambia, "Mzee, wakati tunamsubiri dada mtu, acha nimfungulie mdogo dirisha la pili." Nikaona ni jambo la busara.

Katika dirisha la pili akaingia kwa jina na neno la siri la mdogo. Kisha akarudi dirisha la kwanza, ambako fomu ya mkubwa ilikuwa bado wazi na jina lake likisomeka juu. Akaambatisha cheti cha mkubwa, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Jioni tulipokagua, cheti cha mkubwa kilikuwa ndani ya maombi ya mdogo, na maombi ya mkubwa hayakuwa na cheti hata kimoja. Nikamwita binti yule mzembe, tena mbele ya wateja wake.

Je, alikuwa mzembe? La hasha. Na sababu yake ni hii.

Mtandao wa kurasa ulianzia kwa Tim Berners-Lee, aliyeandika pendekezo lake la kwanza mwaka 1989 akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti kilicho karibu na Geneva, Uswisi. Shabaha yake ilikuwa kuwawezesha watu kupata taarifa zilizotawanyika katika kompyuta mbalimbali. Kwa hiyo utaratibu wa mazungumzo ulifanywa mwepesi: unaomba ukurasa, seva, yaani kompyuta inayotunza kurasa, inakupa, basi. Ukiomba wa pili, seva haikumbuki kwamba ni wewe yule yule wa dakika iliyopita. Kwa kusoma nyaraka, usahaulifu huo haukuwa na ubaya. Lakini duka, benki au chuo kitafanyaje kazi na karani asiyemkumbuka mtu?

Mwaka 1994 mhandisi Lou Montulli, wa kampuni ya Netscape ya Marekani, alibuni dawa. Seva ikupe kipande kidogo cha maandishi, na kivinjari chako, yaani programu ya kufungulia kurasa, kikionyeshe kipande hicho kila kinaporudi. Kipande hicho huitwa kuki. Ni kama namba unayopewa na dobi. Dobi hana haja ya kukumbuka sura yako. Ukionyesha namba, atakupa nguo za namba hiyo. Muda wote ambao seva inakutambua kwa namba yako, tangu kuingia hadi kutoka, ndio unaoitwa kikao.

Sasa sikilizeni vizuri. Kipande hicho hakikai katika dirisha. Kinakaa katika mfuko wa kivinjari, na madirisha yote ya kawaida ya kivinjari hicho yanachota katika mfuko mmoja. Mdogo alipoingia, kipande chake kilichukua mahali pa kile cha dada yake. Dirisha la kwanza liliendelea kuonyesha jina la mkubwa kwa sababu ukurasa ule ulikuwa umekwisha kuletwa, kama picha iliyopigwa jana. Lakini kitufe kilipobonyezwa, kipande kilichokwenda kwa seva kilikuwa cha mdogo. Ndiyo kusema, nyumba yenye madirisha mawili haiwi nyumba mbili.

Jambo hili wajuzi wanalifahamu. Kanuni za HTML, lugha ya kuundia kurasa, zinatoa mfano wa mtu anayenunua tiketi za ndege katika madirisha mawili ya tovuti moja. Tovuti ikitegemea kuki kukumbuka ni tiketi ipi inayonunuliwa, safari ya dirisha moja huweza kuvuja hadi jingine, na mtu akajikuta amenunua tiketi mbili za safari moja bila kutambua. Kwa ajili hiyo kanuni hizo zimeweka akiba ndogo inayokaa kwa kila dirisha peke yake.

Kwa hiyo mzigo wa kwanza ni wa watengenezaji. Fomu inaweza kubeba ndani yake namba ya mwombaji, na seva ikailinganisha na mwenye kipande kabla ya kupokea chochote. Zisipolingana, ikatae na kusema waziwazi: "Sasa ameingia mtu mwingine." Kazi hiyo si kubwa, na ingetuokoa sisi.

Mzigo wa pili ni wetu. Watu wawili wakihudumiwa kwenye kompyuta moja, mmoja amalize na kutoka kabisa ndipo mwingine aingie. Pakiwa na haraka, tumieni vivinjari viwili tofauti, maana kila kimoja kina mfuko wake. Au mmoja atumie dirisha la faragha. Ila mjue kwamba katika vivinjari vingi madirisha ya faragha yaliyo wazi kwa pamoja nayo huchangia mfuko mmoja. Na ukitumia kompyuta ya dukani, usidhani kufunga dirisha ni kutoka. Kipande chaweza kubaki, na anayeketi baada yako akaingia kwa jina lako. Bonyeza "ondoka". Lakini hifadhi kwanza kazi iliyo katika madirisha mengine, kwani kwa kawaida ukitoka katika moja umetoka katika yote.

Kesho yake tulikwenda chuoni wenyewe. Karani wa huko akakifuta cheti kile, na kila mmoja akaweka chake, ikiwa siku ya mwisho. Wapwa zangu wamepona. Kisha nikarudi dukani peke yangu, nikamwomba binti yule radhi mbele ya wateja waliokuwapo. Akacheka, akasema, "Yamekwisha, mzee." Akaniomba nimweleze tena habari ya mfuko mmoja, akaiandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya kompyuta.

Hadi juma lijalo, kwaherini.